Sekunde Ishirini na Mbili za Douglas Mwadime

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi Generosa wenu, Jumamosi ya pili ya Februari, mwaka 2008, saa nne na dakika tano asubuhi, kutoka chumba chetu kile kile kilichoko juu ya dobi hapa Thamesmead. Mkisikia mngurumo chini kwa chini, si redio zenu. Ni mashine za kufulia za majirani, na Jumamosi ndiyo siku yao.

Leo sisomi salamu. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Anaitwa Douglas Mwadime. Alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ya Glass Porters. Ni mtoto wa Dada Teresia, yule muuguzi ambaye wengi wenu mnamwona kanisani safu ya pili upande wa dirisha. Douglas alifariki tarehe ishirini na tisa Novemba mwaka jana, hapa London. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alizikwa Wundanyi, Taita, kando ya bibi yake aliyemlea.

Najua mpo mnaojiuliza, Generosa na muziki wa rock wapi na wapi. Mnanijua mimi ni mtu wa kwaya na zilipendwa. Ni kweli. Lakini nimeipenda bendi hii tangu mwaka 1995, na nimekuja leo na deni la maneno. Mwaka 2001, kwenye redio hii hii, nilimcheka Douglas hewani. Nilicheka sana. Sikujua nacheka nini, na nimejua mwezi uliopita tu. Kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho, maana leo naomba radhi mbele yenu.

Tuanzie mbali kidogo. Douglas alizaliwa Wundanyi mwaka 1974. Mwaka 1981 mama yake alikuja London kusomea uuguzi, akamwacha mtoto kwa bibi yake. Douglas alikaa kwa bibi mpaka alipotimiza miaka tisa, ndipo mama akamleta huku. Dada yake mdogo, Bridget, alizaliwa hapa London. Baba yao alirudi Kenya mapema, na habari yake inaishia hapo.

Sasa, bibi hakujua kusoma wala kuandika. Na simu hakuna. Walifanyaje? Wale wa umri wangu mnakumbuka kaseti za salamu. Lakini familia hii walikuwa na namna yao, na namna hiyo ndiyo nataka muishike, kwa sababu kila kitu nitakachosema leo kinatoka humo.

Dada Teresia alikaa mezani jikoni, akabonyeza vitufe viwili vya redio kaseti kwa pamoja, akasema, "Mama, mvua huko imeshanyesha?" Halafu ananyamaza. Kaseti inaendelea kuzunguka. Anahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha anauliza swali la pili, na ananyamaza tena. Ile nafasi aliyoiacha ni ya mama yake. Kaseti ikifika Wundanyi kwa mkono wa msafiri, bibi anaisikiliza mpaka kwenye nafasi, anasimamisha, anabonyeza vitufe viwili, na anajibu pale pale ndani ya ule ukimya. Upande wa pili anauliza ya kwake, naye anaacha nafasi. Kaseti ikirudi London, ukiisikiliza unadhani wamekaa meza moja.

Nilimuuliza Dada Teresia alijuaje aache muda gani. Akaniambia, "Unazoea. Mambo ya mvua, sekunde sita. Mambo ya ugonjwa, kumi. Habari za majirani hizo unaacha kama ishirini na kitu, kwa sababu mamangu alikuwa anapenda hizo. Na bado hazikumtosha. Alikuwa anaingilia swali lingine, unasikia 'Je, yule' halafu yeye amefunika."

Na kuna sheria moja. Mnakumbuka kaseti zilikuwa na vijino viwili vya plastiki mgongoni? Ukivivunja, kaseti haiwezi kurekodiwa tena. Watu wengi wanavunja ili kulinda kitu wasichotaka kifutike. Katika nyumba ya Dada Teresia ilikuwa kinyume. Kaseti inayosubiri jibu haivunjwi vijino, kwa sababu ukivunja, mwenzako atajibu wapi? Unavunja mazungumzo yakiisha. Kaseti yenye vijino vyake, katika nyumba ile, maana yake kuna mtu anangojewa aongee.

Shikeni hapo.

Douglas alikua. Akawa kijana mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega. Alipata kazi kwenye ghala kule Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na huko akakutana na Eddie, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akiimba huku anapakia maboksi. Eddie alikuwa na gitaa. Douglas alinunua la besi. Mpiga dramu akawa Geeta, binti wa Ilford, ambaye mama yake, Bi Bharti, aliuza vitambaa kwenye barabara kuu ya maduka. Walifanyia mazoezi kwenye gereji ya Bi Bharti, katikati ya marobota ya sari. Geeta ananiambia vitambaa vile vilimeza sauti vizuri kuliko studio yoyote waliyoingia baadaye.

Januari 1994, ikaja kaseti kutoka kwa bibi. Dada Teresia na Douglas waliisikiliza mara moja tu, jikoni, wamesimama, kabla mama hajaenda kazini. Walikubaliana watajibu Jumapili. Mwisho wa kaseti bibi aliuliza, "Na wewe Douglas, utakuja lini?" Akaacha nafasi. Dada Teresia anakumbuka nafasi hiyo ilikuwa ndefu.

Douglas aliichukua kaseti ile aisikilize tena njiani kwenda kazini. Hakukuwa na ubaya wowote. Alimpenda bibi yake, alitaka kusikia sauti yake kwenye treni. Jioni akapitia Ilford kwa mazoezi. Siku hiyo wimbo ukakaa. Wanamuziki mtanielewa, kuna siku moja tu wimbo unakaa. Geeta akasema turekodi sasa hivi. Kwenye mkoba wa Douglas mlikuwa na kaseti mbili zinazofanana, moja ya bibi na nyingine tupu. Geeta akachomoa moja, akamwuliza, "Is this one free?"

Douglas akatazama mgongo wa kaseti. Akaona vijino vipo. Akasema, "Yeah."

Mtoto aliyekulia katika nyumba ile, aliyejua vizuri kabisa vijino vile vina maana gani, siku hiyo alivitazama kwa macho ya London. Kwa macho ya London kaseti yenye vijino ni kaseti iliyo huru kurekodiwa. Wakarekodi. Wimbo wakaurudia mara tano, pande zote mbili, mpaka kaseti ikaisha. Asubuhi yake Eddie akaipeleka kwa kampuni ya rekodi.

Jibu la Jumapili likaahirishwa wiki hadi wiki, kwa zamu za mama. Wiki saba baadaye bibi alifariki.

Watu walijaa nyumbani kwa Dada Teresia, mimi nikiwemo. Ndiyo siku niliyomfahamu. Akasimama akasema anataka watu wamsikie mama yake, kwa kuwa wengi hawakumjua. Akaenda kutafuta kaseti ile ya mwisho, ya Januari. Akapekua droo, akapekua kabati. Watu tumekaa, vikombe vya chai mkononi, tunangoja. Douglas akamfuata chumbani. Walikaa humo kitambo. Walipotoka, Dada Teresia alichukua redio kaseti pale mezani, akapanda kiti, akaiweka juu ya kabati la jikoni. Akatuambia tuimbe.

Kaseti haikupatikana. Douglas alikwenda kwenye ile kampuni akaambiwa zile za majaribio hutupwa zikishasikilizwa. Siwalaumu. Kwao ilikuwa kaseti kama kaseti nyingine.

Nilimuuliza Dada Teresia alimwambia nini mwanawe siku ile. Akasema, "Sikumpigia kelele. Nilimwambia, wewe piga muziki wako na Mungu akubariki. Lakini mimi usiniwekee." Na hakuwekewa. Msidhani walinuniana. Walikula pamoja, walicheka pamoja, alimfulia, alimwombea. Lakini muziki wa Douglas haukuingia katika nyumba ile miaka kumi na mitatu. Miaka kumi na mitatu, wapendwa.

Na wimbo ule uliorekodiwa juu ya sauti ya bibi ndio uliowafungulia mlango. Albamu ya kwanza ya Glass Porters ilitoka mwaka 1995, ikaitwa Loud Kitchens. Ilikuwa na kelele tamu. Gitaa kama mtu anaburuta meza, dramu za Geeta hazipumziki, besi ya Douglas chini inatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Nyimbo za dakika tatu tatu. Hakuna hata mahali pa kuvuta pumzi. Magazeti ya muziki yalishangilia. Gazeti moja la kila wiki liliwaweka kwenye jalada, Douglas amesimama nyuma ya wenzake nusu uso. Nilinunua nakala mbili. Nilipika nikicheza albamu ile mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Douglas mwenyewe hakuipenda. Aliniambia siku moja kituoni, tukingoja basi, "Auntie, that record never shuts up." Nikamwambia ndiyo uzuri wake, mwanangu. Akacheka kwa mabega.

Mwaka 1998 wakatoa ya pili, Second Winter. Hapo sauti ilishabadilika. Kasi imepungua, kuna kinanda, kuna tarumbeta moja inayolia kwa mbali kama mtu aliyefungiwa nje. Magazeti yakagawanyika. Mchambuzi mmoja akaandika kwamba vijana wamekomaa. Mwingine akaandika kwamba wamepoteza funguo za nyumba yao wenyewe na wanazunguka kwenye bustani. Mashabiki nao wakagawanyika. Kwenye maonyesho watu walidai nyimbo za kwanza. Eddie alitaka wawape. Geeta anasema Douglas alikuwa anakubali, anapiga, halafu anakaa kwenye gari ametazama dirishani.

Mimi? Mimi nilikuwa upande wa wadai kelele. Nilimwambia waziwazi.

Halafu ikaja albamu ya tatu. Mwaka 2001. Inaitwa Reply, yaani Jibu. Na hapa ndipo panaponiuma.

Katika albamu hiyo wimbo unakwenda, unakwenda, halafu unasimama. Kabisa. Hakuna gitaa, hakuna dramu. Unasikia mvumo mdogo tu, kama wa kaseti inayozunguka bila kitu. Sekunde sita. Au kumi. Kisha unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mchambuzi mmoja aliipa nyota moja kati ya tano, akaandika kwamba ni muziki wa kumsubirisha mtu kwenye simu. Mwingine aliipa nyota tano, akaandika maneno mengi ya kisomi ambayo Geeta anasema hakuna hata mmoja katika bendi aliyeyaelewa. Wapo walioirudisha dukani wakidhani diski ina kasoro.

Wimbo wa mwisho una jina hilo hilo la albamu. Ndani yake Douglas anaimba mwenyewe. Ndio wimbo pekee alioimba maishani. Kila mstari ni swali, na baada ya kila swali, ukimya. Mwisho anauliza, kwa sauti ya kawaida, si ya kuimba, "Mum, are you listening?" Halafu ukimya wa sekunde ishirini na mbili. Albamu inaishia hapo.

Douglas aliniletea diski ile kwa mkono wake. Mnakumbuka miaka ile tulikuwa na leseni ya kuwa hewani wiki nne tu kwa mwaka. Alikuja Ijumaa, wiki yetu ya pili. Akasema, "Auntie, kesho piga huu wa mwisho. Kabla ya saa tano, Mum akiwa nyumbani. Hajawahi miss programu yako." Nikamwuliza kwa nini asimpelekee mwenyewe. Akasema, "Yangu hasikii. Yako anasikia."

Nikaupiga. Swali moja, kimya. Swali la pili, kimya. Mimi nimekaa hapa kwenye kiti hiki, nimeanza kutapatapa, maana mtangazaji anaogopa kimya kuliko moto. Likaja lile swali la mwisho. Kikaja kimya kile kirefu. Sasa, chumba hiki kina mashine ya akiba. Ikisikia kimya kwa sekunde kumi hewani, inadhani tumekufa, inawasha yenyewe wimbo uliowekwa humo. Siku hiyo tulikuwa tumeweka wimbo wa harusi. Sekunde ya kumi ilipofika, London nzima iliyokuwa ikitusikiliza ikasikia vigelegele na tarumbeta, bibi harusi anaingia.

Nikaangua kicheko. Nikafungua kipaza sauti nikasema, na maneno yangu nayakumbuka, "Jamani, Douglas katuuzia kimya. Hata mashine imekataa. Mwambieni aturudishie kelele zetu." Nikacheka tena.

Mchana Douglas akanipigia simu. Hakukasirika. Akasema, "Auntie, pale hapakuwa empty. Kuna mtu alitakiwa aongee." Nikamwuliza, nani tena huyo? Akasema, "Haina shida, Auntie. Asante kwa kuupiga." Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na wali jikoni.

Reply haikuuza. Kampuni ikawaacha, na mwaka 2003 bendi ikavunjika bila ugomvi. Eddie alihamia Wales. Geeta akawa mwalimu. Douglas alirudi Hayes kwenye maghala, na Jumatano jioni alifundisha besi katika ukumbi wa jamii hapa Thamesmead, watoto wetu wengi wamepita mikononi mwake. Mwaka 2005 gazeti lile lile lililotoa nyota moja likaiweka Reply kwenye orodha ya albamu zilizoonewa. Nilimpelekea ukurasa. Akausoma mpaka mwisho, akaukunja, akaniuliza kama mama yake ameuona.

Machi mwaka jana akaanza kuumwa. Saratani ya damu. Miezi minane. Mama yake, ambaye amewauguza watu miaka ishirini na tano, alimuuguza wake. Alimwogesha, alimkata kucha, aliwakosoa wauguzi vijana mpaka wakawa wanajificha akija. Bridget alikuwa kando ya kitanda siku moja alipomsikia mama yake akisema, "Ukipona utanisikilizisha ule muziki wako." Douglas akamjibu, "Ukiwa tayari, Mum. Hakuna haraka." Haraka ilikuwepo. Wote wawili walijua, na hakuna aliyesema.

Akafariki Alhamisi mchana. Wakampeleka Wundanyi. Dada Teresia anasema walipomshusha kando ya kaburi la bibi yake, alikumbuka lile swali la utakuja lini.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, Dada Teresia aliniambia nimfuate nyumbani. Tulikuwa watatu jikoni. Yeye, mimi, na Bridget. Akasema leo anataka kusikiliza, na anaogopa kusikiliza peke yake. Bridget akaweka Reply.

Dada Teresia alikuwa anamenya viazi. Wimbo wa kwanza ukaenda, ukasimama. Mvumo wa kaseti. Kisu kikasimama. Wimbo ukaendelea, naye akaendelea kumenya. Wimbo wa pili ukasimama, nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu. Wimbo ulipoanza tena akasema, "Kumi. Hiyo ni ya ugonjwa."

Nikamwuliza, Dada, unasemaje?

"Hizi ni sekunde zangu," akasema. "Amezitoa kwa zile kaseti zangu za zamani. Sikia, hii sita, hii ni ya mvua. Huyu mtoto ameweka nafasi. Amemaliza record yote akiniwekea nafasi."

Bridget akaanza kulia. Akasema, "Mum, we all thought you knew."

Ndipo nikaelewa nilichokicheka. Nikawaeleza ile simu, pale hapakuwa patupu, kuna mtu alitakiwa aongee. Dada Teresia akanitazama, akaweka kisu chini. Akasema, "Siku ile niliskia, Generosa. Ulipotaja jina lake nilienda kuzima, mkono ukakataa. Nikamskia akiimba. Nikamskia akiniuliza kama namsikiliza. Nilikuwa nimefungua mdomo. Halafu kukaingia harusi, na wewe ukacheka. Nikafikiri ni mzaha. Nikafikiri mmekaa huko na mwanangu mkinicheka."

Wasikilizaji wapendwa, nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimekosea majina ya marehemu, nimesoma salamu za wagoni hewani, nimezitaja harusi kwa tarehe zisizo zake. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona jikoni pale. Alikuwa amefungua mdomo. Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na mbili.

Nikasema, nisamehe. Akasema, "Mimi pia nilikuwa na miaka sita mingine ya kumuuliza, na sikumuuliza. Bridget, panda hapo unishushie ile radio."

Bridget akapanda kiti, akaishusha redio kaseti kutoka juu ya kabati. Vumbi la miaka kumi na mitatu. Dada Teresia akaifuta kwa aproni. Akatoa kwenye droo kaseti tupu. Akamwambia Bridget aanze tena wimbo wa mwisho, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Douglas akauliza maswali yake yote, na mama yake akamjibu yote. Mvua, imenyesha. Nyumba ya bibi, ipo, anakaa binamu yako. Likaja la mwisho. Hakungoja hata liishe, alilifunika neno la mwisho kama mama yake alivyokuwa akifanya. Akasema, "Nasikiliza, Douglas. Nimechelewa, baba. Lakini nasikiliza." Akavuta pumzi. Halafu akauliza, "Umekula?"

Akanyamaza. Diski iliisha, kaseti ikaendelea kuzunguka. Niliona midomo yake inacheza. Alihesabu mpaka ishirini na mbili, ndipo akabonyeza.

Jana ameileta kaseti hiyo hapa redioni. Fundi mitambo wetu, Cédric, mtu wa Bukavu, mwenye huruma na mitambo kuliko na watu, aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza mgongo akaona vijino vipo. Akamwambia, "Mama, hii meno tuyavunje. Mutu anaweza kuifuta bila kujua."

Dada Teresia akasema, "Najua. Wangu alishafuta." Akaichukua, akaitazama. "Lakini iache hivyo hivyo. Sijajibiwa."

Kwa niaba ya Redio Jirani na kwa niaba yenu wasikilizaji, natoa pole kwa Dada Teresia, kwa Bridget, kwa ukoo wote wa Mwadime kule Wundanyi, kwa Geeta na Eddie waliopoteza mwenzao. Natoa pole kwa watoto wa Jumatano jioni. Na wewe Douglas, mwanangu, naomba radhi. Nilikudai kelele, na wewe ulikuwa umeacha mlango wazi, nikaupita nikicheka.

Ninyi mnaonisikiliza mkiwa jikoni, mkiwa kwenye magari, mkiwa mmetoka zamu ya wagonjwa Ilford au ya ndege Hayes, kila mmoja wenu ana mtu aliyemuuliza kitu akanyamaza kumpisha. Mnamjua. Sihitaji kuwatajia.

Sasa nitaipiga kaseti ya Dada Teresia, yote. Mtasikia maswali, mtasikia majibu. Mwishoni kutakuwa na kimya cha sekunde ishirini na mbili. Nimemwambia Cédric azime ile mashine ya akiba, na nimesimama hapa mpaka nimeona amechomoa waya ukutani. Mimi sitasema kitu. Na nyinyi, mkifika hapo, msiguse redio zenu. Hazijaharibika.